Umeme Uliobaki Ndani

Nkoma, 11 Machi 2024

Shemeji Ndaki,

Shikamoo. Mwangaluka huko Mpanda, wewe na mkeo, dada Specioza. Sisi huku tunaamka. Mvua imezidi mwaka huu. Pamba ya bondeni imelala majini, na ya juu nimeipalilia mara moja tu, maana mikono imepungua. Monika anakohoa lakini anacheza. Ng'ombe ni wazima, isipokuwa yule ndama mwekundu aliyekufa wiki mbili zilizopita.

Arobaini ya mdogo wako tumeimaliza salama. Ulituma salamu kwamba barabara imekatika, na ukoo umezipokea, ingawa baba mdogo alisema mabasi ya Tabora yalikuwa yanafika Bariadi wiki ile ile. Nimekupigia hadi nimechoka. Simu yako haiiti. Ndiyo maana naandika, kwa anwani ya parokia yenu uliyoiacha hapa.

Shemeji, wewe hukuwepo, kwa hiyo nikueleze siku ile ilivyokuwa. Tangu asubuhi Dastan alikuwa ameifungua ile amplifaya ya zamani mliyoirithi kwa baba yenu. Ilikuwa inakata fyuzi, na Jumamosi alitakiwa kupiga gitaa harusini. Kabla ya chakula cha mchana alichomoa waya ukutani, akauviringisha, akautundika kwenye msumari. Mama alimletea maji ya kunawa, tukala. Akarudi kwenye meza yake ya kazi. Sikusikia kelele, nilisikia kitu kizito kimeanguka. Nilipoingia, mkono mmoja ulikuwa bado umeshika bati la amplifaya.

Mganga wa zahanati alisema ni umeme. Watu wakauliza, umeme gani na waya uko msumarini? Sasa wanasema ni mkono wa mtu, na mtu wanayemtaja ni mama yako. Wanasema yeye ndiye aliyemletea maji. Akifika bombani wanawake wanachukua ndoo zao na kusogea. Wiki jana mtu alitema mate chini alipopita.

Mayige, mwenyekiti wa kitongoji, si mtu mbaya. Aliniita akaniambia, "Felisita, mimi niliishia darasa la saba. Nipe maneno ya fundi kwenye karatasi niyasome mkutanoni. Bila hivyo siwezi kuwazuia."

Fundi tunayemjua ni wewe. Nieleze kitu kilichochomolewa kinauaje mtu. Andika kama unamwandikia mtu asiyejua lolote.

Mke wa mdogo wako,
Felisita


Mpanda, 4 Aprili 2024

Shemeji Felisita, Mama Monika,

Marahaba. Barua yako ilikaa ofisini kwa paroko siku tisa. Specioza anakusalimu sana, na amesema Monika apewe maji ya moto asubuhi, kifua kitapoa. Sisi tuko hivyo hivyo. Kazi ipo, makanisa yalikuwa yanataka spika kwa ajili ya Pasaka. Simu yangu imeharibika.

Pole tena. Sijui niandike nini kuhusu Dastan, kwa hiyo niandike ulichoniomba.

Anza na gitaa. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, waya ule unazaa umeme mdogo sana, usioweza kuwasha hata tochi. Huo ndio wimbo, ila hauna nguvu. Kazi ya amplifaya ni kuupa nguvu bila kuuharibu.

Nguvu yenyewe inatoka ukutani. Inaingia kwenye transfoma, lile bonge la chuma linalofanya mzigo uwe mzito, na humo volti mia mbili na thelathini zinapanda hadi mia tatu na kitu. Umeme wa ukutani una tabia ya kwenda na kurudi, hivyo unapitishwa kwenye daiodi zinazouruhusu uende upande mmoja tu. Hata hapo bado unakuja kwa mikupuo. Ndipo unapoingia kwenye kapasita, yale makopo madogo ya bati. Kapasita ni lambo. Mvua inanyesha leo na kukatika kesho, lakini ng'ombe wanakunywa kila siku kwa sababu lambo limetunza maji. Lambo hilo linajazwa na kilele cha kila mkupuo, ndiyo maana humo volti zinafika mia nne na hamsini.

Sasa zile taa za kioo ambazo Monika alipenda kuzitazama. Ndani yake hakuna hewa. Katikati kuna kijiti kinachopashwa moto mpaka kinakuwa chekundu, na kikiwaka kinatoa chembe za umeme. Pembeni kuna bamba linalozivuta. Kati ya kijiti na bamba kuna wavu wa waya. Fikiria zizi lenye ng'ombe wenye kiu, na maji yako nje. Kundi zima linasukuma, na mtu mmoja ameshika mlango. Akiufungua kidogo wanatoka wengi, akiurudisha wanatoka wachache. Ule umeme mdogo wa gitaa ndio mkono ulioshika mlango, yaani unakaa kwenye wavu. Umeme mkubwa wa lamboni ndio kundi. Kwa hiyo kundi linatoka kwa mwendo ule ule ambao vidole vya Dastan vimeupiga, ila sasa lina uzito. Taa ndogo zinafanya kazi hiyo kwanza, halafu zinazipokeza mbili kubwa. Mwisho kuna transfoma ya pili. Inachukua volti nyingi zenye mkondo mdogo na kuzigeuza volti chache zenye mkondo mkubwa, maana spika inasukumwa na mkondo.

Hivyo ndivyo inavyoimba. Baba alipotufundisha alisema ukiweka sikio karibu kabla ya kupiga, utasikia inapumua. Dastan alikuwa na miaka kumi. Alilala sikio likiwa kwenye kitambaa cha spika.

Ukichomoa waya umezuia mvua, hujakausha lambo. Maji yanaweza kubaki. Mwambie Mayige hivyo: umeme uliomuua Dastan ulikuwa ndani ya mashine, haukutoka kwa mtu. Msimwache mtu amguse mama. Na amplifaya iwekwe chumbani, asiifungue yeyote.

Shemeji yako,
Ndaki


Nkoma, 30 Aprili 2024

Shemeji,

Shikamoo. Mvua zimeanza kupungua. Monika amepona, mwambie dada Specioza wabeja sana. Pamba iliyosalia imefungua vitumba, tutaokota kile kitakachopatikana.

Nilimsomea Mayige barua yako mara mbili. Mfano wa zizi aliuelewa, hata akacheka kidogo. Akataka kujua kuhusu lambo, nikamsomea tena. Halafu akaniuliza, "Dastan ameifungua mashine hii mara ngapi?" Nikasema labda mara ishirini, tangu tuoane. Akasema, "Basi kwa nini lambo halikumuua siku hizo zote? Siku hii ilikuwa na nini? Watu wataniuliza hilo hilo, na mimi sina jibu."

Na mimi sina. Umeandika kwamba maji yanaweza kubaki. Hukuandika yanabaki lini na yanaondoka lini. Nilisoma karatasi nyuma na mbele nikidhani nimeruka mahali.

Mama ameondoka. Jumapili alipotoka misani alikuta mlango wake umepakwa majivu kuanzia juu hadi chini, kama wa mchawi. Hakuniita. Aliufuta kwa kanga yake ya zamani, akafunga nguo zake, akaenda kwa mdogo wake Milembe kule Kiloleli. Nilimfuata hadi kituoni nikimsihi. Alinishika kichwa tu, akapanda gari.

Jibu haraka. Wewe ni fundi, shemeji. Simu haiwezi kukaa imeharibika miezi mitatu mkononi mwako.

Felisita


Nkoma, 17 Juni 2024

Shemeji Ndaki,

Shikamoo. Wiki ya saba sasa na sijapata neno. Paroko wa huku alimpigia paroko wenu, naye kasema barua uliichukua mwenyewe siku ya nane ya Mei. Kwa hiyo najua unayo.

Sikuandikii kukugombeza. Nimekaa na jambo hili peke yangu nikaona nikilificha siwezi kukuomba wewe usifiche.

Mimi ndiye niliyeanza. Nilipomkuta Dastan chini, mama aliingia nyuma yangu na lile beseni la kunawia bado liko mkononi. Nilimgeukia nikapiga kelele mbele ya majirani, "Mayu, umempa nini mwanao?" Sijui kwa nini nilisema. Asubuhi walikuwa wamebishana kuhusu kuuza dume, basi neno likanitoka. Walilisikia watu sita. Jioni yake lilikuwa limefika Lagangabilili. Tangu siku hiyo nasema si yeye, si yeye, lakini la kwanza ndilo waliloshika. Mama hajawahi kunikumbusha. Nilikuwa naandika kwako kana kwamba maneno haya yametoka kijijini tu. Yalitoka kinywani mwangu.

Sasa la pili. Siku ile, nikiwa jikoni, nilimsikia Dastan akisema, "Sawa kaka, sawa." Simu yake ninayo. Mtu wa mwisho aliyezungumza naye ni wewe, saa sita na dakika arobaini na moja, kwa dakika nne. Nimelijua hilo tangu Januari. Nilisubiri uliseme mwenyewe.

Mayige ameitisha mkutano tarehe ishirini na saba ya mwezi ujao. Kuna wazee wanaotaka mama aandikwe kuwa hatarudi tena.

Mlisema nini?

Felisita


Mpanda, 8 Julai 2024

Felisita,

Barua hii isomwe mkutanoni yote, usiruke kitu.

Jina langu ni Ndaki, mtoto wa kwanza wa mama Nyanjige, fundi wa redio na amplifaya kwa miaka kumi na tisa.

Katika kila amplifaya ya taa panatakiwa pawe na rizista moja kubwa iliyofungwa juu ya zile kapasita. Haisaidii sauti kwa lolote. Kazi yake ni moja: mashine ikizimwa, inamwaga umeme uliobaki, taratibu, ndani ya dakika chache. Kwenye lambo ungesema ni mfereji wa kutolea maji. Mwaka 2022 nilipokuja likizo niliikuta rizista hiyo imeungua inanuka. Niliikata nikaitoa. Sikuwa na nyingine ya kiasi kile. Nilimwambia Dastan nitamletea. Amplifaya ilipiga vizuri bila hiyo, nikasahau.

Kwa nini haikumuua mara zile nyingine? Kwa sababu taa zilikuwemo. Ukizima mashine, taa zinabaki na moto kwa muda kidogo, nazo zinaendelea kunywa mpaka lambo linakauka. Hilo ndilo lililomwokoa bila yeye kujua, na bila mimi kufikiri.

Siku ile alinipigia akasema fyuzi inakata. Nilikuwa juu ya ngazi kanisani nafunga spika, watu wananisubiri chini. Nikamwambia atoe taa zote, aweke fyuzi mpya, awashe, asikilize kama transfoma inavuma. Hicho ni kipimo cha kawaida. Aliwasha, ikavuma, fyuzi haikukata. Akafurahi, akasema basi ubovu uko kwenye taa. Kapasita zilikuwa zimejaa volti mia nne na hamsini, na safari hii hapakuwa na taa wala rizista. Hapakuwa na njia hata moja ya umeme ule kutoka.

Akaniuliza, "Kaka, nikichomoa ni salama kuingiza mkono nisafishe miguu ya taa?"

Nikamjibu, "Ukishachomoa haina neno, ingiza tu."

Fundi huzipima kapasita kwa mita kabla ya kugusa. Huweka mkono mmoja mfukoni ili umeme usipite kifuani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mimi nawafundisha wengine hivyo. Mdogo wangu sikumwambia, kwa sababu nilitaka kushuka kwenye ngazi. Yeye alishika bati kwa mkono wa kushoto na kuingiza wa kulia.

Baada ya saa moja ulinipigia wewe, unalia. Nilielewa kabla hujamaliza kusema. Barabara haikuwa imekatika. Simu haikuharibika. Niliizima kwa sababu nikiishika nasikia sauti yangu mwenyewe.

Mama hana kosa. Hakuna mtu wa Nkoma mwenye kosa. Kilichomuua Dastan ni rizista niliyoitoa na neno nililolisema.

Ulipoandika kwamba mama amekuwa anatemewa mate, nilikaa na karatasi siku nne nikaandika habari za zizi. Nilijua ninachokiacha. Sina la kujitetea hapo.

Ndaki Mashimba


Nkoma, 6 Agosti 2024

Shemeji Ndaki,

Shikamoo. Naandika kwa adabu ile ile kwa sababu sijui nitumie nyingine ipi. Monika ameanza kuniuliza kama baba mkubwa ataleta zawadi. Pamba imekwenda ghalani.

Barua ilisomwa. Mayige alisimama mbele ya ofisi ya kijiji, akaisoma polepole, na alipofika pale kwenye jibu lako akampa karani amalizie. Nikasimama na mimi. Nikasema neno lile la kwanza lilikuwa langu na nilisema uongo kwa uchungu. Watu hawakupiga kelele. Mzee mmoja akasema karatasi inaweza kuandikwa na yeyote, wengine wakamwambia akae. Wazee walifuta shauri lao. Wanawake watatu walikuja nyumbani kuuliza mama anarudi lini. Wengine hawakuja, na nadhani hawatakuja kamwe. Kuna watu wameshazoea kuamini.

Kesho yake nilikwenda Kiloleli. Nilipanga jinsi ya kumwambia, nikashindwa, nikaanza kumsomea barua kuanzia juu. Hata nusu sijafika, akaweka mkono wake juu ya karatasi.

"Nilijua," akasema.

Siku ile Dastan alikuwa ameweka simu kwenye spika, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Mama alikuwa amekaa nje ya dirisha anamenya karanga. Alikusikia ukisema ingiza tu. Alimsikia Dastan akisema sawa kaka. Hakuelewa maana yake mpaka tulipomkuta chini.

Nikamwuliza, "Mayu, kwa nini hukusema, hata walipopaka majivu?"

Akasema, "Niseme mmoja amemuua mwingine? Nilizaa wawili tu. Wangenichukulia na huyu."

Kisha akaniuliza kama nina njaa.

Hatarudi Nkoma. Amesema hana ugomvi na mtu, ila hawezi tena kusimama kwenye bomba lile. Nilimwomba msamaha. Alisema amenisamehe siku ile ile, lakini alikuwa anatazama pembeni.

Nenda kwake. Mimi sijui bado kama nataka kukuona. Lakini yeye ni mzee.

Felisita


Stendi ya Mwanza, 3 Septemba 2024

Shemeji Felisita,

Mwadila. Nasubiri basi la kurudi Mpanda, lina saa mbili bado. Sikupita Nkoma, nimeheshimu uliyoandika. Msalimie Monika.

Nilikaa Kiloleli siku tano. Nilipofika mama alikuwa anafagia. Nilipiga magoti nikamsalimu, akaitikia, akaendelea kufagia mpaka mwisho wa uwanja. Siku tatu alinipikia na kunitandikia, lakini maneno yalikuwa ya chumvi na kuni tu. Mama mdogo Milembe ndiye aliyekuwa anaongea, akijaza nafasi.

Siku ya nne tulibaki wawili. Akaniuliza, "Hicho kilichotunza umeme kilikuwa na ukubwa gani?"

Nilikuwa na kapasita moja mfukoni, tupu, ya kiasi kile kile. Nimekuwa natembea nayo. Nikamwekea kiganjani. Aliigeuza, akaipima uzito, akaisogeza karibu na macho kwa sababu hayaoni vizuri siku hizi.

"Kadogo hivi," akasema.

Akalia, Felisita. Sijawahi kumwona mama akilia, hata baba alipofariki. Nilikaa palepale mbele yake. Sikujua kama nina ruhusa ya kumshika, na sikumshika.

Baadaye akaniambia nirudi Mpanda. Nikasema nina nafasi, naweza kukaa mwezi mzima nimtengenezee paa, linavuja. Akasema, "Paa litasubiri. Mikono yako inafanana na yake. Sijaweza kuitazama."

Sikuwa nimewahi kulifikiri hilo. Sasa naandika na naiona.

Leo asubuhi alinichemshia matobolwa, vile viazi vikavu, akanifungia kwenye kitambaa, bado ya moto. Nilimwuliza nirudi lini. Alinisindikiza hadi lami, akavuka, akasimama upande wa pili wa barabara mpaka gari lilipokuja.

Ndaki